Madoadoa ya Mwalimu Jacktone

Jumatano, 26 Machi 2025. Mawingu tangu alfajiri, Magunga yote matope.

Studio yangu imepata kazi! Jumamosi Mama Roseline wa Kisegi anafanya ibada ya kumkumbuka marehemu mumewe, Mwalimu Jacktone, na anataka uso wake uonekane kwenye skrini. Picha zake zilienda na mafuriko. Imebaki moja, iliyotengenezwa kwa kompyuta ya shule enzi za skrini zenye rangi kumi na sita tu. Haifunguki ila kwa programu inayoiga kompyuta za kale. Ninayo! Lynnet wa studio ya ng'ambo ya barabara hana. Nimemwambia Mama asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wote nimebaki nao mimi.

Alhamisi, 27 Machi. Manyunyu.

Nimeifungua. Mungu wangu! Uso mzima madoadoa: mekundu, meusi, ya kijani. Kompyuta ile haikuwa na rangi ya ngozi, ikachanganya vidoa. Vioo vinene vya skrini za zamani vilivifanya viungane. Skrini yangu mpya inaonyesha kila kimoja. Mwalimu ana surua!

Nimebonyeza kitufe cha kulainisha. Masharubu yakayeyuka, akawa kiazi kilichomenywa. Nimerudisha surua.

Lynnet amechungulia dirishani, akauliza kama mgonjwa ameshapelekwa hospitali. Eti niazime televisheni yake kuukuu, ile ya kioo kinene yenye kisogo. Nikamjibu siendi kwa watu na sanduku.

Ijumaa, 28 Machi. Jua kidogo.

Uvumbuzi! Mafuta ya kujipaka, yale mazito, tabaka jembamba juu ya kioo. Vidoa vimeungana. Ngozi ipo, masharubu yapo! Nimekodi televisheni kubwa kuliko zote Magunga.

Jumamosi, 29 Machi. Asubuhi shwari. Heri ingenyesha.

Ibada ilichelewa, giza likatukuta. Nikawasha. Mama Roseline akashika kifua, akasema ndiye, ndiye kabisa. Nikapumua.

Ndipo wadudu wa ziwa wakaufuata mwanga, wingu zima. Kwa kawaida hugonga kioo wakaenda zao. Hawa walinasa kwenye mafuta. Mwalimu akaota ndevu. Ndevu zikaanza kutembea! Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Shemeji wa Mama, Caleb, akatangaza kwamba Jacktone alinyoa ndevu kila siku ya maisha yake. Nikafuta kwa mkono wa blauzi. Uso wote ukawa mweusi.

Mama Roseline akaniuliza polepole: "Nyathina, mwanangu, umemfanya nini mzee wangu?"

Lynnet alikuwa amebeba ile kuukuu kwenye gari. Akaiunganisha na kompyuta yangu. Hakuna doa hata moja. Wadudu wakagonga, wakaondoka. Mama akavuta kiti, akaweka kiganja juu ya kioo, akakaa hivyo hadi mwisho. Akamshukuru Lynnet. Kwa jina.

Jumapili, 30 Machi. Joto kali.

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: mafuta yale yalinukia waridi! Wadudu walifuata harufu. Mwezi ujao shule inaonyesha picha za wanafunzi wa zama zile zile. Lynnet amejitolea tena ile televisheni. Nimekataa kwa heshima. Nimenunua mafuta yasiyonukia, mkebe mkubwa.

Jana nilibandua wadudu kwenye televisheni ya watu niliyokodi. Nililala saa tisa usiku.