Bei Ile Ile, na Kuku Juu

Jumatatu, 7 Machi 1988
Nimeuza! Kaseti ya kwanza kati ya tatu za mchezo wa televisheni nilizotoa Kitwe, Zambia, nikazileta hapa Lubumbashi. Mnunuzi: Citoyen Kabwe, yaani Bwana Kabwe, mtu wa usalama. Miwani nyeusi. Aliuliza kama bei itashuka. Mdomo wangu ukakimbia. Nikaapa: kamwe! Hata Wajapani wanaoitengeneza hawashushi. Wakishusha, aliyenunua kwanza anajiona mjinga, na wengine wanakaa kungojea ishuke tena. Akavua miwani. "Nikisikia imeshuka, nitarudi kwako."

Jumatano, 9 Machi
Hakuna mteja. Chomba, muuza redio ng'ambo ya barabara, naye ameleta kaseti, na ameshusha bei. Nyoka! Mke wangu Agnès anasema nishushe pia, tumechoka kula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Kushusha? Anataka kuwa mjane? Lakini nina akili. Bei sigusi. Anayenunua anapewa kuku juu! Mwalimu Faustin amenunua palepale, akaondoka na jogoo wa Agnès kwapani. Bei haikushuka hata kidogo. Mimi ni Mjapani.

Ijumaa, 11 Machi
Nimekwisha. Chomba ametangaza mtaa wetu wote wa Hewa Bora kwamba kwangu, kwa Mulenga, bei imeshuka kuku mmoja. Asubuhi jeep ikasimama mlangoni. Nikaruka nyuma ya pazia. Agnès akasema nimeenda kilio Kilwa, kule ziwa Mweru. Kabwe akaomba kiti. Akakaa! Mende akanipanda shingoni, sikuthubutu kupumua. Niliwaza watoto wangu. Niliwaza watakavyonizika, kama watapewa maiti. Mwishowe akakohoa. "Mama, umuambie bwana yako: na miye nataka kuku yangu."
Kuku! Amechukua mtagaji, kuku wa mwisho wa Agnès. Jioni amenipa sombe bila hata chumvi.

Jumamosi, 12 Machi
Faustin amekuja na hasira. Yeye kapewa jogoo mwembamba, Kabwe kapewa mtagaji, kwa nini? Anataka nyongeza. Nimemfukuza kwa heshima.
Imebaki kaseti moja. Nimepata dawa: si kuku tena, ni mbuzi! Mama mkwe anao wawili, hajaambiwa bado. Bei ile ile. Mteja amejitokeza mchana huu: mkubwa wa Citoyen Kabwe, mwenye jeep mbili. Nimemwapia kwamba katika Lubumbashi nzima hakuna atakayepewa mbuzi mnene kuliko wake.