Taa za Mbele, Mvua, na Ijumaa za Tiril

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua. Siku ya kumi na tisa mfululizo. Sisi watu wa Bergen tumeizoea, lakini leo situlii. Nimezunguka sebuleni mpaka mke wangu Gudveig akasema zulia litatoboka.

Chanzo ni Ijumaa iliyopita. Kila Ijumaa mimi ndiye ninayemchukua mjukuu wangu Tiril, miaka minne, kutoka chekechea kule Arna na kumpeleka kwao. Saa kumi na moja jioni, giza la mapema la Novemba limeingia, mvua inamwagika, na taa za gari langu zinamulika kila kitu isipokuwa barabara. Tukapanda kipilefti. Juu kabisa, kwenye majani. Tiril alipiga makofi. Kisha akaenda kumsimulia mama yake.

Leo binti yangu Synnøve kapiga simu. Kasema, Baba, mpaka taa zako zipite ukaguzi, Tiril atachukuliwa na Oddgeir. Oddgeir! Baba wa mkwe wangu. Ana gari jipya la umeme, na analipangusa kwa kitambaa cha miwani.

Ukaguzi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Gudveig kashauri niende kwa fundi mapema. Fundi wa nini, mikono ninayo? Hata magunia sita ya kokoto, za kumwaga njiani barafu ikianza kuteleza, nimeshayapakia nyuma ya gari, mwezi mzima kabla ya majirani. Mimi ni mtu wa kujipanga.

Jumanne, 7 Novemba

Taa zimekuwa za njano kama meno ya mvuta kiko. Basi dawa yake ni dawa ya meno. Nimechukua tyubu ya Gudveig, ile ya fizi, na brashi ya kusugulia masufuria. Nimesugua saa nzima kwenye mvua. Povu limeteremka hadi kwa jirani.

Matokeo: njano ileile, sasa na mikwaruzo.

Gudveig katoka na mwavuli kuniuliza kama gari nalo lina miadi na daktari wa meno. Jioni kapiga mswaki kwa chumvi, akiniangalia kwenye kioo.

Jumatano, 8 Novemba

Nimegundua kosa langu. Adui si taa. Adui ni maji! Na maji hukimbia nini? Mafuta.

Mafuta gani? Yapo kwenye friji. Mafuta ya ini la samaki, ambayo kila nyumba hapa hunywa kijiko kimoja kila asubuhi tangu Septemba mpaka Aprili. Mama yangu alininywesha kwa kunibana pua. Miaka sitini na sita nayanywa na sijawahi kuvuja popote.

Nimepaka taa zote mbili. Matone yakateleza kama watoto kwenye theluji. Kwa furaha nikapaka na kioo cha mbele. Chupa nzima. Nimelala mchana nikitabasamu.

Alhamisi, 9 Novemba

Shakwe.

Tisa juu ya boneti asubuhi. Wanadonoa taa. Nimewafukuza kwa ufagio, wakahamia kwenye paa la gari kunisubiri nichoke. Paka wa jirani alikuwa chini ya bampa, analamba.

Nimewasha gari nitoroke. Waipa zikasambaza mafuta kioo kizima, kila taa niliyoiona barabarani ikaonekana kama imeota manyoya. Nimekwenda mita mia mbili, nikarudi kinyumenyume. Shakwe walinisindikiza.

Gudveig kasema hajaona mwanamume anayependwa hivyo.

Ijumaa, 10 Novemba

Oddgeir kamchukua Tiril. Ijumaa yangu.

Tumekutana wote kwa Synnøve kula piza, kama kila Ijumaa. Oddgeir kaeleza kwamba taa zake zinageuka zenyewe kufuata kona. Hakuna aliyemuuliza. Tiril kasema kiti cha gari la babu Oddgeir kina joto. Nikasema na langu lina joto, ukikaa muda mrefu. Akaninusa koti. Akasema, Babu, wewe unanuka samaki. Wote wakacheka, Oddgeir kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi.

Naandika wazi: nina wivu. Nimekula vipande saba.

Jumapili, 12 Novemba

Kioo nimekiosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara nne. Wazo jipya, na ni rahisi mno: kama taa hazioni, ziongezewe nguvu. Nikawasha zile za mwanga mkali kabisa na kutoka na Gudveig jioni, mvua ikinyesha vizuri.

Ukuta mweupe! Naona kila tone la mvua. Barabara siioni. Waliokuja mbele yangu wote walikuwa wananiwashia taa. Nikafikiri watu wa Bergen hatimaye wamejifunza kusalimiana, nikawapungia mkono mmoja mmoja. Gudveig alikuwa amefunika uso kwa skafu. Kasema, mume wangu, hao hawakusalimii, na unachomulika ni mvua, siyo njia.

Sasa kila mtu ni mtaalamu.

Jumatano, 15 Novemba

Sijui nilifuata nini, lakini leo nimepanda treni kwenda Arna. Nimesimama nje ya uzio wa chekechea. Tiril alikuwa kwenye dimbwi la tope, amevaa nguo zake za mvua za njano, anaruka. Hakuniona. Mwalimu akaja kuuliza namtafuta nani. Nikasema napita tu. Njia ile inaishia pale.

Nikirudi nimekumbuka anavyoimba kwenye kiti cha nyuma, wimbo mmoja tu, kila Ijumaa, toka tunapoondoka hadi tunapofika. Kesho lazima nipite.

Alhamisi, 16 Novemba

Ukaguzi. Mkaguzi ni mwanamama anaitwa Jorunn, mikono kama makasia. Kapitisha kidole kwenye taa. Kakinusa. Kaniangalia. Kauliza kama hayo ni mafuta ya ini. Nikasema ndiyo. Kamwita mwenzake aje anuse.

Kisha akapima mwanga ukutani na kuuliza kama huwa nawinda bundi. Taa zako, mzee, zinamulika vilele vya misonobari, kasema. Akafungua nyuma na kuona magunia yangu sita. Gari limekaa mkia chini, pua juu, ndiyo maana! Akayashusha yote peke yake, mimi nikimweleza kuhusu barafu. Akasugua taa kwa msasa laini, akapaka vanishi, akageuza skrubu mbili. Dakika arobaini.

Nimepita. Nimeomba nakala mbili za karatasi.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimemchukua Tiril!

Mvua ya kumwaga. Na nimeona kila kitu: ukingo, alama, mtu na mbwa wake. Tiril kakatiza wimbo wake kuniambia, Babu, barabara ina mistari. Nikamwambia ndiyo, mama, wameichora juzi. Hatukupanda kipilefti chochote. Nimefika kwa Synnøve kifua mbele.

Kwenye piza Synnøve kaisoma ile karatasi mara mbili, hata nyuma. Kasema sawa Baba, Ijumaa ni zako, kwa sharti moja: usiguse tena taa hizo. Nimeapa mbele ya wote, mkono juu. Oddgeir kanipa hongera. Nimempa nakala ya pili akaisome nyumbani.

Jumapili, 19 Novemba

Kuna jambo halinipi usingizi wa mchana. Juzi njiani Tiril alisema haoni nje kwa sababu dirisha lake lina matone. Mtoto kalalamika. Babu gani angenyamaza?

Na niliapa kuhusu taa. Dirisha si taa.

Nimekata kiazi kibichi na kusugua kioo chake kwa nje, maana wazee walifanya hivyo. Ili nifike mpaka chini kabisa, ikabidi nifungue mlango kwa ndani na kulegeza vitu vitatu hivi. Kioo kikatumbukia ndani ya mlango. Nakisikia nikiutikisa. Hakipandi, lakini kwa upande mwingine, hakuna tena matone ya kumzibia. Anaona nje vizuri kuliko mtoto yeyote Bergen.

Nimempigia Synnøve kumwambia Ijumaa amvalishe Tiril koti la mvua na gambuti, za kuvaa ndani ya gari. Kakata simu palepale. Bila shaka kaenda kuzitafuta.