Ng'ombe Wangu Ameelemewa na Kazi ya Ustawi wa Jamii

Ndugu Mkuu wa Ustawi wa Jamii wa Wilaya,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Elisifa, mjane, mkulima wa kahawa na migomba huku juu ya Kwa Sadala. Nimempangisha chumba afisa wako mpya, binti Maulida, aliyetoka chuoni mwaka huu. Ni mstaarabu. Shida yangu ni kwamba anamtumia ng'ombe wangu Malkia kwa kazi za serikali bila kibali.

1. Ulimkataza kumsimulia mtu yeyote mambo ya wateja wake. Ametii. Jioni akirudi kutoka kwa watoto waliopigwa na wajane walionyang'anywa kihamba, yaani shamba la ukoo, anaingia bandani, anakalia ndoo na kumsimulia ng'ombe. Mimi sisikii. Huwa nyuma ya banda nikikata shina la mgomba, polepole.

2. Maziwa yameshuka kutoka lita nane hadi tatu. Shajara yangu ya tarehe 9 Juni inasema: "Leo ni habari ya mtoto wa miaka minne. Malkia kabakiza majani. Maulida hakugusa ndizi." Habari yenyewe siandiki, ni siri ya ng'ombe.

3. Malkia hakusomea kazi hii. Anatafuna tu. Hata hivyo Maulida anamwona bora kuliko wewe, kwa sababu alipokuomba mtu wa kuzungumza naye ulimjibu, "Utazoea, mdogo wangu." Malkia hajawahi kumwambia hivyo.

4. Jumamosi Abasi, mwenzake Maulida wa kazi, alipanda kutoka Mabogini, naye akaingia bandani, akatoka na macho mekundu. Sasa wanataka kupangiana zamu. Jirani yangu Kornel ameniambia, "Mama, huyu ng'ombe wako ana mawazo." Kama banda limekuwa ofisi yako, leta kibao.

5. Jana Maulida aliandika barua ya kuacha kazi, akamsomea Malkia kwanza. Ataileta kwako Ijumaa.

Kwa hiyo naomba Malkia aajiriwe kama afisa mwandamizi, alipwe posho ya pumba, na apewe mtaalamu wa kumsikiliza kila wiki. Bajeti ikiwa ndogo, mtaalamu huyo amsikilize Maulida mwenyewe, ng'ombe apumzike. Lakini aje kabla ya Ijumaa.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule anayetunza muhuri.

Ni mimi, mwenye ndoo isiyojaa,
Elisifa

N.B. Nilikuwa sijafunga bahasha, bwana mifugo Primus akapita. Malkia ana mimba ya miezi saba, ya dume la huyo huyo Kornel. Maziwa yamepungua kwa sababu hiyo, na bwana mifugo ameagiza asikamuliwe tena hadi azae. Kwa hiyo madai yote ya ng'ombe nayafuta.

Nimemuuliza Maulida kama naye ana mimba. Amecheka, mara ya kwanza tangu Juni. Hana. Basi kukonda kwake utanieleza wewe.