Ufunguzi wa Kituo cha Kunyoosha Magurudumu, Migosi

Mheshimiwa mwakilishi wa yule Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, Bwana Chifu, Bwana Msaidizi wa Chifu, na yule anayemsaidia Msaidizi, wachungaji wa madhehebu yote pamoja na yale yanayotarajiwa, wazee mliotoka Kombewa bila kifungua kinywa, akina mama, mabwana, na ninyi wenye baiskeli mlioegemea ua wa watu: hamjambo? (Hatujambo.) Sikusikia vizuri. (Hatujambo, Bwana.)

Mimi ni Gordon Ouma, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Magurudumu Mawili, mtu ambaye, bila kujisifu, maana sifa zangu zinajulikana hata Muhoroni, nimekuwa nikilala macho tangu Uhuru kwa sababu ya gurudumu lililopinda. Fisibiliti stadi, yaani ule uchunguzi wa kitaalamu tulioufanya, mimi nikiwa mkurugenzi, karani na mhojiwa, imeonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya magurudumu ya wilaya hii yalitengenezwa yakiwa ya duara, na kwamba mfanyakazi mwenye gurudumu lililopinda huchelewa kazini, naye akichelewa, taifa zima linakaa likimngoja. (Makofi machache. Sauti: "Kama Shitanda.")

Nakuja kwa Shitanda. Leo gari la kunileta lilikataa kuwaka, nikaonelea, kwa moyo wangu wa kujishusha, nipande nyuma, kwenye karia ya baiskeli ya Bwana Shitanda wa kiwanda cha sabuni, na tulipoingia kwenye shimo pale sokoni, gurudumu lake la nyuma likajikunja kama chapati. (Kicheko.) Wapo wanaosema ni uzito wangu. Huo ni uchochezi. Mimi nilikuwa nimekaa tu. Aliyekuwa akienda ni yeye. (Kicheko kirefu.)

(Shitanda, gurudumu mkononi: "Mheshimiwa, mimi naingia shifti saa nane. Forman alisema nikichelewa tena, nisirudi. Hii kituo inanyoosha sasa ama?")

Swali zuri sana, na litajibiwa katika Fezi ya Pili, yaani awamu ijayo. Kwanza tuielewe falsafa ya duara. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. (Sauti: "Wahenga hawakuwa na forman.") Nani huyo? Hata hivyo, naendelea.

(Watu wanalaza gurudumu la Shitanda mbele ya meza, juu ya mawe mawili, pale lilipopinda pakitazama juu. Mama Maximilla, mwenye kibanda kilichobandikwa kibao cha kituo, anamshika Mwenyekiti mkono: "Panda hapa, Bwana. Watu wa nyuma hawakuoni.")

Asante, Mama. Hivi ndivyo kiongozi anavyopaswa kuinuliwa. (Anapanda. Rimu inalia.) Kama nilivyokuwa nikisema, kituo hiki kitapokea mashine za kisasa kutoka ng'ambo, zenye mikono ya umeme na injinia wa kuzisimamia, chini ya uratibu, ukaguzi na ukaguzi wa ukaguzi. (Maximilla: "Mguu ya kushoto, Bwana. Kanyaga kabisa.") Nakanyaga, Mama, kwa maana Kamati yangu haikanyagi nusunusu. Tutaukanyaga uvivu (anakanyaga), tutaukanyaga ujinga (anakanyaga), na huu umaskini, ndugu zangu, huu tutaurukia kwa miguu yote miwili. (Anaruka. Rimu: ko, imenyooka. Umati unapiga vigelegele. Akina mama wanamkumbatia Shitanda.)

Sijui hasa mnashangilia sentensi gani, lakini naipokea heshima hiyo. (Anateremshwa. Spoki zinakazwa, gurudumu linarudishwa, linazungushwa. Linapita katikati ya foko, ule uma wa baiskeli, bila kugusa popote.) Na nani huyo anayeondoka Mwenyekiti akizungumza? (Shitanda, tayari barabarani: "Ero kamano, asante sana, Mheshimiwa. Nitawahi.") Mwacheni aende. Mmeona wenyewe matunda ya uongozi bora.

Harambee. (Heee.) Gurudumu duara. (Taifa mbele.) Anayepinda. (Anyooshwe.)

Kabla hatujatawanyika, namshukuru Mama Maximilla kwa kutuazima kibanda chake cha mandazi, ambacho anakitaka sasa hivi, kwa hiyo mwenye nyundo asaidie kung'oa kibao. Namshukuru mzee aliyetupatia utepe wa ufunguzi, ingawa naambiwa ni kamba ya ng'ombe wake, na ng'ombe ameonekana katika mahindi ya watu. Mashine hazikuja kwa sababu hazikuagizwa, na hazikuagizwa kwa sababu Kamati, ambayo ni mimi, bado haijakutana. Kwa hiyo, wananchi watukufu, kituo kizima mlichokiona leo ni hii miguu yangu miwili, nayo imechoka. Sasa, nani mwenye karia anirudishe mjini?

(Sauti: "Yangu imepinda, Bwana." Sauti nyingine: "Hata yangu." Watu wote, mmoja baada ya mwingine, wanabeba baiskeli zao mabegani na kuondoka.)