Uso Wangu Kabla ya Harusi

Jumatatu, 4 Agosti

Bila mimi mji huu wote ungetembea umekunjamana. Mahakimu, wahubiri, mabwana harusi, hata maiti wa familia bora, wote wamepita chini ya pasi yangu. Kuna jaji nilimnyooshea joho akiwa amelivaa, kesi inaendelea, na hakugeuza shingo. Dobi wa cheo hiki hapaswi kuugua mashavu.

Lakini naugua. Leo mpwa wangu, ambaye ndiye bibi harusi wa Jumamosi, amenishika mkono kama mtoto wa chekechea hadi kwa daktari wa ngozi. Daktari akanikagua kwa taa na kioo cha kukuzia. Pua, mashavu, kidevu, hata kope. Akasema si chunusi, si pombe, wala haiambukizi. Inaitwa rosasia. Mishipa midogo ya damu usoni inatanuka upesi, ngozi inawaka, inavimba, inatoa vipele. Haiishi moja kwa moja, ila hutulizwa mtu akiwajua wachokozi wake. Akawataja: jua, joto, mvuke, chai ya moto, pilipili, pombe, hasira. Nikamwambia ametaja maisha yangu yote isipokuwa pombe. Hakucheka.

Amenipa dawa ya kupaka na krimu ya kukinga jua. Ninawe uso kwa maji ya vuguvugu, nisisugue. Nafuu itakuja baada ya wiki kadhaa. Na nikae mbali na zile krimu kali za madukani zenye steroidi, maana zinatuliza leo na kuchoma kesho. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza.

Wiki kadhaa! Jumamosi natakiwa kusimama ukumbini na kuzungumza badala ya marehemu shemeji yangu, baba wa huyu binti. Na shangazi wa bwana harusi ameshauliza, kwa siri ambayo mtaa mzima umeisikia, kama mjomba mwenye pua ile ni mlevi. Dada yangu mkubwa, mama wa binti, ametoa hukumu: uso ukiwa hivi Jumamosi, atazungumza Baba Mdogo, ndugu wa marehemu. Yule! Mtu anayekohoa kabla ya kila sentensi!

Jumanne, 5 Agosti

Mbinu ya kwanza. Nimefikiri hivi: chai ya moto inadhuru uso, basi isiguse uso. Nikainywa kwa mrija, kikombe kikiwa chini ya meza. Mke wangu akaniuliza tangu lini koo langu limehamia nje ya kichwa. Nikatoa ulimi nje kuupoza. Ulimi ulikuwa umeungua. Punde tu mashavu yakawaka mpaka masikioni.

Mbinu ya pili. Mvuke wa pasi. Nikajifunga taulo lililolowa kichwa kizima, nikalitoboa matundu ya macho. Kazi ikaenda vizuri hadi alipoingia mteja, mwalimu mstaafu, mama wa heshima zake. Akadondosha mashuka na kutoka mbio akipiga kelele za mwizi. Majirani wakaja na mafagio. Nikavua taulo wanitambue. Mmoja akasema heri ningebaki nalo.

Jioni akaja Baba Mdogo na suti yake. Akaegemea kaunta, akakohoa, akasema, "Shemeji, naona leo umekolea." Kisha akanisomea hotuba yake yote, eti nimwambie kama inafaa, ikiwa italazimu. Ikiwa italazimu! Damu ikanichemka. Nilisikia vipele vikichipuka kimoja kimoja kama mahindi kikaangoni.

Suti yake nimeipiga pasi ikanyooka kama kioo. Nilinuia kuiunguza kola. Mkono ulikataa. Siwezi kuharibu nguo ya mtu, na ndiyo maana sijafika mbali maishani.

Jumatano, 6 Agosti

Dawa ya daktari nimeipaka mara moja. Haina haraka. Nimeipa usiku mzima na asubuhi pua iko palepale.

Nimekwenda duka la vipodozi la nyuma ya stendi. Mama muuzaji akatazama uso wangu, akainama chini ya meza bila hata kuulizwa. Tyubu nyeupe, haina maandishi. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni ya kila kitu. Nikamuuliza kama ina steroidi. Akasema, "Baba, unataka uso au unataka masomo?"

Nataka uso. Nimepaka ya kutosha kufunika mkate.

Alhamisi, 7 Agosti

Muujiza! Laini! Nimejiangalia kwenye kioo, kwenye sufuria, na kwenye kitako cha pasi. Sina kipele. Pua imerudi kuwa pua.

Nikaenda kwa dada yangu nikiwa nimenyoosha shingo. Akanigeuza huku na huku dirishani kama mtu anayechagua tikiti, akasema haya, hotuba ni yako, mdogo wangu, ila usiniaibishe. Nikapitia na kwa Baba Mdogo, kumsalimia tu. Nikasimama kwenye mwanga. Akakohoa, akanipongeza. Nadhani alimaanisha, na hilo limenikera zaidi.

Mpwa wangu peke yake ndiye hakufurahi. Aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia ni dawa ya daktari na damu nzuri ya ukoo wetu. Akanitazama usoni. Ana macho ya baba yake yule.

Usiku nimepaka tena, mara mbili, ili uzuri uzidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mungu wangu.

Nimeamka na uso wa mtu mwingine, na huyo mtu amepigwa. Umevimba, unawaka, vipele vyenye usaha kuanzia paji hadi kidevu. Mke wangu alifungua dirisha, akanitazama, akalifunga.

Nikamwomba asimwambie mtu. Akampigia mpwa wangu palepale. Binti akaja mbio, vibiringishi vya nywele bado kichwani, kesho yake anaolewa. Akaiona tyubu mezani. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alimpigia daktari, akasikiliza, akaniambia: krimu hiyo basi, kitambaa cha maji baridi, dawa ya kwanza daktari atakapoiruhusu tena, na hali inaweza kuwa mbaya zaidi kabla ya kutulia. Kesho nikae kwenye kivuli, karibu na feni, nisipate hisia kali. Hisia kali! Harusini!

Nikamwambia amwite Baba Mdogo. Nikasema sitaki wakwe waseme bibi harusi katoka kwenye ukoo wa walevi.

Akaketi sakafuni, akawa ananikandakanda kwa kitambaa. Akasema, "Mjomba, nani alikwambia nataka uso wako?" Akasema watu wote wakimtaja baba yake wanamtaja kama mtakatifu, wanashusha sauti, wanaangalia chini. Mimi pekee ndiye ninayemsimulia akicheka. Akasema, "Najua nusu ni chuku, Mjomba, lakini nikikusikiliza wewe namwona."

Alikuwa mdogo mno baba yake alipofariki. Sauti yake haikumbuki.

 

Jumamosi, 9 Agosti

Harusi imekwisha. Niliketi chini ya feni, chupa ya maji baridi shavuni. Shangazi wa bwana harusi aliniangalia kama anayetazama ajali. Akamuuliza dada yangu kama inaambukiza. Dada yangu, ambaye juzi alikuwa tayari kunificha stoo, akainuka na kutamka jina zima la ugonjwa kwa sauti ya mahakama, na kwamba ndugu yake hanywi hata togwa. Kisha bibi harusi akashuka jukwaani na shela lake, akaja mpaka kwangu, akabana shavu lake kwenye shavu langu mbele ya watu wote. Liliuma sana. Sikusogea.

Kisha wakaniita kwenye kipaza sauti.

Hotuba ile haijapata kusikika. Nimechoka. Nalala.

Jumapili, 10 Agosti

Bado wanaizungumzia. Leo asubuhi muuza magazeti amenisimamisha, nikamweleza jinsi ukumbi ulivyonyamaza, jinsi wapishi walivyotoka jikoni na miiko mikononi, jinsi mkwe mkubwa alivyoomba nirudie. Nilipofika kwa kinyozi wapishi walikuwa wamepiga magoti.

Uso umepungua moto kidogo. Mpwa wangu anasema ni maji baridi na kuacha krimu. Mimi najua ni mrija. Tatizo lilikuwa ni mwembamba, leo nimepata mnene na chai imepita bila taabu, ingawa sasa hivi masikio yanawaka kwa sababu nyingine. Tyubu sijaitupa. Iko ndani ya soksi, ya dharura. Na shangazi wa bwana harusi ana mabaka kwenye viwiko. Nimemwahidi kumtibu, maana rosasia sasa naijua kuliko daktari.

Hapa ndani hasomi mtu, kwa hiyo niandike. Nilipokishika kipaza sauti nilisema, "Baba yake..." basi. Nikalia kwa sauti, kamasi na vipele, mbele ya wakwe. Baba Mdogo alikuja akanishika bega, akakichukua kipaza sauti, akasimulia kisa cha marehemu kuendesha baiskeli isiyo na breki hadi ndani ya kanisa la watu. Kisa hicho nilikitunga mimi. Bibi harusi alicheka mpaka akashika mbavu.

Na alikisimulia vizuri kuliko mimi.