Mmea wa Porini na Njegere za Jirani

Jumatatu, 3 Juni
Banda la chuo linavuja, kwa hiyo binti yangu kahamishia vyungu vyake stoo kwetu. Mmea wa porini, wa jamii ya njegere. Kanieleza kazi yake taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Ndani ya jani mna punje za kijani. Kila punje ina maandishi yake ya urithi, yamejikunja kama pete. Katika mimea mingi, kipande kimoja cha pete kimeandikwa mara mbili, nakala hii ikitazama huku, ile kule. Maharage yanazo zote mbili. Ukoo wa njegere ulitupa moja zama za kale, na tangu hapo mpangilio wao umevurugika. Huyu wa porini je? Jibu lazima lipatikane kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, atakaposimama mbele ya maprofesa. Akikosa, anarudia mwaka.

Mstari wa mbele kuna kiti kimoja tu cha familia. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, mwalimu mstaafu asiyejua njia ya kwake, ameshapiga pasi suti. Eti yeye ndiye aliyesahihisha rasimu ya utafiti wa binti. Tutaonana!

Jumanne, 4 Juni
Ukatili! Mimea imefungiwa kabatini, giza totoro. Binti yuko maabara. Shemeji anakoroma kwenye kochi langu. Nimeitoa yote juani, nikaimwagia maji na mbolea ya kuku, mbichi, ya nguvu. Jioni nikairudisha kimyakimya. Ikinawiri, nani kaiokoa? Kiti changu.

Alhamisi, 6 Juni
Binti kaja amevimba. Kumbe giza lilikuwa la makusudi! Mmea ushindishwe na njaa mpaka umalize wanga wake, la sivyo ukisaga majani, wanga unazipasua zile punje za kijani. Leo kasaga, kapata uji mtupu. Sasa mimi ningejuaje? Kauliza nani kafungua kabati. Nikasema huenda ni Mwalimu, anapenda kupekua. Shemeji akajibu kwamba Jumanne alishinda kochini, na mimi mwenyewe nilimfunika shuka. Kweli nilimfunika. Asiamke.

Jumapili, 8 Juni... hapana, 9. Nimechanganyikiwa.
Binti kapiga simu kutoka maabara: Mjomba achume majani, ayaweke kwenye barafu, dereva wa chuo anayapitia. Shemeji akatafuta miwani. Nikajitolea. Kufungua kabati, lahaula! Mbolea imeunguza kila kitu, majani makavu kama tumbaku. Na dereva anapiga honi. Nikaruka uani. Uzio wa jirani umejaa njegere. Si jamii moja? Binti kasema mwenyewe. Nikachuma, nikang'oa vile vikono vya kujisokota, maana wa porini hana, nikakatakata ili asichoke kusaga. Moyo wa baba.

Jumanne, 11 Juni
Mashine imesoma pete. Nakala moja tu, na mpangilio ule ule wa njegere ya bustani, herufi kwa herufi. Nikapiga makofi. Peke yangu. Binti alikuwa dirishani, anautazama uzio ulionyolewa. Hapo jirani kapiga hodi, anauliza mbuzi wa nani kamlia njegere zake. Binti kamjibu, "Mbuzi yumo ndani, anakunywa chai. Shikamoo."

Akakaa chini akalia. Sikupenda.

Shemeji akaenda bafuni, akarudi na kopo. Siku ile ya kwanza alikata tawi akalitia majini, akalifunika ndoo. Ndiyo tabia yake, kila kitu awe nacho viwili: miwani, miavuli, hata chakula anarudia. Binti akamkumbatia. Mimi nikabaki na kikombe.

Ijumaa, 14 Juni
Wa porini ana nakala zote mbili! Kwa hiyo njegere walitupa yao baada ya kuachana na binamu huyu. Maprofesa wakapiga meza. Shemeji kitini, suti, machozi. Mimi mlangoni, nyuma ya fundi wa spika. Binti alipotoka kaniwekea kola sawa, kasema, "Umekula, Baba?" Kisha kaniapisha nisiguse mmea wake wowote tena. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Jumapili, 16 Juni
Profesa kampa binti kazi mpya: mmea usio na jani, nyuzi tupu za njano, umemzingira mwenzake chunguni. Anasema uliacha kazi ya kijani, unaishi kwa kunyonya wengine, na pete yake imepukutisha jeni moja baada ya nyingine. Aibu gani hii! Nimemwambia shemeji hivyo hivyo wakati binti akitupakulia: mtu mzima unaishije kwa jasho la wengine? Akaafiki, akaongeza mchuzi.

Dawa yake ni kujitegemea. Kiapo nakikumbuka, lakini kilihusu mimea, na hizi ni nyuzi. Nimezifungua moja moja kutoka kwa mwenzake, nikazipa chungu chao, jua na mbolea. Zimelala kidogo. Uchovu wa safari. Binti akiamka atafurahi huyu!