Laptopu Yenye Cheo cha Brigedia

Ilitangazwa rasmi, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba jeshi limeamua kupambana na jua. Kwa ajili hiyo iliundwa Kamati ya Uteuzi wa Kompyuta Mpakato ya Mapambano katika Mazingira Magumu, nayo ingekutana kila Jumanne katika ukumbi namba mbili, ule wenye zulia jipya, mpaka jua lenyewe lisalimu amri.

Sajini wa mitambo, ambaye kambi nzima ilimwita Mama Waya, aliteuliwa kuwa katibu. Kazi ya katibu ilikuwa kuandika na kunyamaza. Humo ukumbini ni yeye peke yake aliyewahi kuishi jangwani, tena miaka miwili kamili, na ndiyo maana hakupewa haki ya kupiga kura. Wakubwa walihofia kwamba mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake angeyatolea maoni.

Alikubali kwa sababu ya mdogo wake. Huyo koplo, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa Kituo cha Tisa, askari kumi na mmoja juu ya mchanga mtupu. Simu haishiki mtandao kule. Lori la maji huja likiombwa kwa laptopu, na laptopu ikizima hakuna wa kuomba. Mwezi uliopita ilizima kwa joto siku nne mfululizo. Ilipowaka tena, mdogo mtu alituma maneno matatu tu: "Dada, tumelamba umande." Mama Waya alijifungia chooni akalia, kisha akanawa uso akarudi kazini.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Brigedia mmoja mnene, mwenye sauti ya kuzinduzia majengo. Askari walimbandika jina la Kiyoyozi, kwa kuwa hajawahi kuonekana mahali pasipo nacho. Kulia kwake alikaa Kanali wa ugavi, mtu mkavu aliyejua kanuni zote kwa moyo na kuzipenda kuliko watu. Wajumbe wengine walikuwapo pia, lakini walikuja kwa chai.

Mezani ziliwekwa laptopu mbili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya rangi ya dhahabu, na kifuniko chake kiling'aa hata Kiyoyozi akaweka sawa kofia yake kwa kujitazama humo. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, kona zake zimevikwa mpira, matundu yake yote yana vifuniko.

"Hii nini tena?" Kiyoyozi aliuliza. "Laptopu au jiwe la kusagia?"

"Afande," Mama Waya alisema, "hiyo vumbi haiingii. Skrini yake inasomeka juani, vitufe unabonyeza na glavu, na betri unabadilisha bila kuizima."

"Katibu anaandika," Kanali alimkumbusha.

Mama Waya akaandika.

Yakafuata majaribio. Kwa jaribio la joto, kanuni ilitaka kiyoyozi cha ukumbi kizimwe kwa saa nzima. Dakika ya nne mjumbe mmoja alilegeza tai na kuuliza kama mkewe anajua alipo. Kamati ikajadiliana kwa kina, kisha ikaazimia kwamba kiyoyozi kiwashwe na joto liandikwe tu kuwa linavumilika. Kwa jaribio la vumbi walipiga mto wa kochi mara mbili, halafu wakasitisha kwa sababu Kanali ana pumu. Kwa jaribio la jua laptopu zilipelekwa dirishani, na pazia likafungwa kwa sababu za kiusalama. Nyembamba ilifaulu yote. Nyeusi nayo ilifaulu yote, ila ilikatwa alama kwa mwonekano.

Likabaki jaribio la kuangushwa. Mama Waya alinyanyuka aichukue ile nyembamba.

"Simama hapo!" Kiyoyozi alinguruma. "Mashine hii itabeba siri gani?"

"Za ngazi ya brigedia, afande," Kanali alijibu.

"Sasa kitu kitabebaje siri za brigedia kikiwa raia wa kawaida?"

Hapana aliyewahi kulifikiria suala hilo kwa mapana yake. Kabla chai haijapoa ile nyembamba ilikuwa imepandishwa cheo na kuwa Brigedia, ikabandikwa nishani kwa gundi, na wajumbe wote wa chini wakasimama kuipigia saluti. Kuiangusha sasa lingekuwa kosa la kumshambulia afisa, kwa hiyo jaribio likafutwa. Nyeusi ilipewa cheo cha kuruta.

Papo hapo Kiyoyozi alitunga kanuni mbili na kuzitia saini kwa kalamu ya kijani. Ya kwanza ilisema mashine yenye cheo itaguswa tu na mwenye cheo hicho au zaidi. Ya pili ilisema ujumbe wowote unaodai kutoka kwa brigedia, ukitumwa kwa mashine ya cheo cha chini, ni hila ya adui na ujibiwe kama adui anavyojibiwa.

Mama Waya aliweka kalamu chini. "Afande, samahani. Kituo cha Tisa mkubwa wao ni luteni. Nani ataigusa?"

"Hilo ni suala la utekelezaji," Kiyoyozi alisema. "Sisi ni kamati ya uteuzi. Na hili jiwe lako litoe mbele ya macho yangu. Lipeleke mbali."

"Mbali kiasi gani, afande?"

"Mbali kabisa!"

Mama Waya aliandika amri hiyo neno kwa neno, akaipiga muhuri. Kisha alikwenda kwenye ramani ukutani akapima kwa rula. Mahali pa mbali kabisa palipo na jeshi ni Kituo cha Tisa. Ile nyeusi iliondoka na lori la maji asubuhi iliyofuata, na jioni yake mdogo wake akaandika: "Dada, hii mashine ni mwanaume. Imeanguka toka juu ya lori, nikaipangusa tu."

Alimshukuru Mungu, lakini moyo haukutulia. Kuruta mmoja kwa kituo kimoja si kitu, na vituo viko ishirini. Ripoti ya kamati ikipita, vyote vitaletewa dhahabu isiyoguswa, na hata ile nyeusi itarudishwa ghalani.

Ripoti ilipita. Waziri aliipenda mno, hasa sehemu ya joto. Aliandika kwamba angefurahi kupata picha za ile nyembamba ikiwa kazini Kituo cha Tisa, ikibebwa na askari.

Kanali aliisoma barua hiyo mbele ya kamati, kisha akafungua faili la kanuni. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeona hesabu imekubali.

"Mwenye ruhusa ya kuigusa," alisema, "ni Mwenyekiti peke yake."

"Atakwenda mtu mwingine," Kiyoyozi alisema.

"Saini ni yako, afande. Ya kijani."

Alhamisi asubuhi helikopta ilimshusha Kiyoyozi mchangani, ikapiga picha, ikaondoka. Ingerudi pindi atakapoiita. Mama Waya alikaa kwenye meza ya mawasiliano makao makuu, na Kanali, aliyekaimu uenyekiti, alisimama nyuma yake na faili kwapani.

Saa tano ujumbe wa kwanza uliingia kutoka kwa kuruta mweusi. "Dada, mgeni wenu kafika. Dhahabu yake imezima saa nne na dakika kumi. Anaipigia saluti ili iwake. Pia tunaomba maji, ya watu kumi na mmoja."

Mama Waya alituma lori palepale, bila kumuuliza mtu.

Saa sita ukaja wa pili. "Mimi ni Brigedia. Tuma helikopta haraka. Joto hili halivumiliki."

"Umetoka mashine gani?" Kanali aliuliza.

"Ya kuruta, afande."

"Basi ni adui." Kanali alifungua faili. "Na tena adui mwongo. Joto la huko tuliliandika sisi wenyewe, linavumilika. Mjibu: Tumekushtukia."

Saa nane: "Kanali, ni mimi! Ulikuwa kwenye kikao!"

"Anajua habari za vikao," Kanali alisema kwa hofu ya kweli. "Ana majasusi. Usijibu."

Saa tisa lori lilifika. Maji yaligawiwa kwa orodha, na orodha ilikuwa na majina kumi na moja. Jina la brigedia huingizwa kwenye orodha kwa mashine ya brigedia, nayo ilikuwa imelala kwenye begi lake na nishani yake. Luteni alisikitika sana, lakini kanuni ni kanuni. Kwa mashine ya kuruta, alieleza kwa heshima zote, mtu anaweza kuandikishwa kwa cheo kimoja tu.

Saa tisa na nusu mdogo wake aliandika: "Dada, tumepata kuruta mpya. Amejiandikisha kwa hiari. Amekunywa vikombe sita."

Kanali alipokea jina la kuruta huyo, akalikagua, akaona kila kitu kimefuata utaratibu. Na kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa hajulikani aliko, alisaini kwa niaba yake kwamba vituo vyote ishirini vipewe mashine ambayo imethibitika kutuma ujumbe. Mama Waya aliitazama ile saini mpaka wino ukakauka, machozi yamemlengalenga, na safari hii hakukimbilia chooni.

Saa kumi na moja uliingia ujumbe wa mwisho wa siku. "Kuruta mpya anaomba ruhusa ya kurudi nyumbani."

Mama Waya aliinua macho. Kanali alipekua faili, akapata ukurasa, akasoma kwa sauti kwamba kuruta haombi ruhusa kabla ya kumaliza miezi sita.

"Nimjibu hivyo, afande?"

"Neno kwa neno," Kanali alisema. "Na mwambie anyoe nywele."